Bakteria Wavumilivu wa Shamba la Chini

Mutoshi, tarehe 22 Desemba 2024

Mpwa wangu Yolande,

Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu mwezi wa Julai. Barua yako ilinifikia salama. Nilianza kuisahihisha kabla ya kuijibu, nikachoka katikati. Makosa ni yako, lakini ukimya ni wangu, na huo ndio ninaouombea msamaha.

Sisi hapa Mutoshi hatujambo. Mama yako analalamika goti, kisha anakwenda shambani kwa goti hilohilo. Mjukuu wa Beya amebatizwa. Kwaya iliimba kila mtu kwa njia yake, na padri akawashukuru wote. Ile simu uliyonitumia iko kabatini. Ikilia, mama yako anaijibu. Kwangu mimi simu ni ya kutangaza vifo. Mambo mengine yaandikwe, na Aruna atayabeba katika lori lake, kama alivyokuwa akifanya baba yake, siku atakayopata mzigo wa kwenda Tenke.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka jinsi bwawa la asidi la machimbo ya Kampuni lilivyofurika wakati wa mvua, mwaka juzi, maji yake yakateremka hadi kwenye mashamba. (Naandika "Kampuni" tu, kwa kuwa jina lake hubadilika kabla rangi ya kibao haijakauka.) Shamba la mama yako ndilo la chini kuliko yote, na ndilo lililokunywa zaidi. Kampuni iliahidi moja kati ya mawili: ama itauponya udongo, ama itawapa wenye mashamba vipande vingine upande wa juu. Imechagua kuuponya udongo, maana udongo haudai chochote.

Wiki iliyopita alikuja Injinia Dimitri na pakiti za unga mweusi. Alitueleza kwamba ndani yake mna bakteria hai, rafiki wa soya, ambao huingia katika mizizi na kuilisha kutoka hewani. Alisema hawa ni wa aina ya pekee: wanavumilia asidi. Tulitakiwa kuloweka mbegu katika maji ya sukari, kuzipaka unga ule, na kupanda siku hiyohiyo.

Mama yako akauliza, "Bakteria si njo microbe?"

"Ndiyo, mama," akajibu Injinia, "lakini hawa ni wazuri."

"Microbe muzuri!" wanawake wakacheka. "Sawa vile mwizi mwaminifu!"

Mimi sikucheka. Wewe unajua kwamba nimefundisha usafi miaka yote niliyoshika chaki, na kwamba hakuna mtoto aliyetoka darasani mwangu bila kujua kuwa microbe, kijidudu cha maradhi, ni adui wa mtu. Kwa kuwa ndimi rais wa Kamati ya Wakulima, niliona haifai wanawake wetu washike vitu hivyo kwa mikono mitupu. Kwa hiyo niliamuru mabeseni yote yaoshwe kwa maji ya Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu, mikono pia, na mbegu pia. Na kwa usalama zaidi nilimimina chupa nzima katika yale maji ya sukari. Injinia hakuona, alikuwa anapigwa picha akiwa ameshika jembe kinyume. Kazi ilikwenda kwa nidhamu kubwa.

Wewe unafanya kazi katika maabara ya udongo ya Kampuni hiyohiyo. Nieleze basi, kwa lugha safi, jinsi kiumbe kisicho na mikono wala akili kinavyoweza kuvumilia asidi inayokula hata mabati.

Mjomba wako,
Tshiamala


Tenke, tarehe 19 Januari 2025

Mjomba mpendwa, shikamoo.

Barua yako imenifikia juzi. Aruna alikwama Fungurume kwa sababu ya daraja. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba kilicho karibu na reli. Treni ikipita sufuria zinacheza, lakini treni hupita kwa nadra, kwa hiyo zinapumzika sana. Nisalimie mama, umwambie akande goti kwa maji ya moto, asingoje mpaka nije.

Umeuliza wanavyovumilia. Mwili wa bakteria ni chumba kimoja tu chenye ukuta mwembamba. Asidi ikizidi nje hupenya ndani, na yule asiyezoea hufa. Mvumilivu ana pampu ukutani: asidi ikiingia huisukuma nje, haachi hata kidogo, kama wachimbaji wanavyopampu maji ili shimo lisiwazamishe. Wapo wanaojifunika ute, kama ute wa bamia. Wapo wanaobadilisha mafuta ya ukuta wao ili usipitishe kirahisi. Na jambo lililonishangaza mimi mwenyewe nilipoliona mara ya kwanza: ukiwaingiza katika uchachu kidogo kidogo, wanajifunza, ukiwatupa humo ghafla, wanakufa, hata kama ni wa ukoo uleule. Nje kumechacha kama kinywaji cha munkoyo cha juma lililopita, lakini ndani yao kunabaki shwari. Hiyo ndiyo siri yao.

Lakini, Mjomba, umeandika Javel. Nimeisoma sentensi hiyo tena na tena nikitumaini kwamba nimesoma vibaya. Asidi wanaivumilia. Javel hakuna anayeivumilia. Kama uliimimina katika maji ya sukari, basi wale wa pakiti walikufa ndani ya beseni, kabla hata ya kuona shamba.

Tafadhali mwambie Injinia Dimitri leo. Usingoje. Mvua bado ipo, mbegu zinaweza kupandwa tena. Mwezi wa Mei Tume inayoisimamia ile ahadi itakaa Kolwezi kusema kama udongo umepona au la. Ukiandikwa kuwa umepona, mama hatapata shamba la juu. Ahadi itafungwa, naye atalima uchachu ule mpaka atakapokufa. Unajua hana shamba lingine.

Mpwa wako,
Yolande


Mutoshi, tarehe 16 Februari 2025

Mpwa wangu,

Barua yako ina makosa machache kuliko ile ya Julai. Nakupongeza.

Hapa tumemwoza binti wa Kanku. Wakwe walitoka Lubudi na mbuzi mmoja mwenye kikohozi, tukabishana naye (namaanisha na mbuzi, kwa kuwa wakwe wenyewe walikataa kuzungumza) hadi jua likatua. Mwishowe mbuzi alipokelewa. Mama yako alicheza ngoma kwa mguu mmoja, akasema mwingine uko likizo.

Lile neno Javel ulilolipigia mstari mzito nimeliona. Mstari si lazima. Mimi nasoma vizuri.

Maelezo yako kuhusu pampu na ute yamenifaa sana. Kampuni imenitunuku cheo cha Balozi wa Uvumilivu. Nimepewa kofia, na kiti cha plastiki chenye maandishi mgongoni. Katika sherehe, mbele ya machifu, nilitoa hotuba nikiyatumia maneno yako, bila kukutaja. Nilisema kwamba bakteria hana mdomo, kwa hiyo halalamiki. Anasukuma asidi nje, anajifunika, anaendelea. Watu walipiga makofi, hasa waliokuwa wamevaa fulana za Kampuni. Fulana zimeandikwa: WAO WANAVUMILIA. NA SISI? Injinia Dimitri alifurahi hata akasema maneno yangu yatabandikwa kwenye bango, barabara ya kwenda mjini.

Sikupata nafasi ya kumwambia jambo lingine. Alikuwa na wageni.

Soya imeota. Si kijani kama ilivyokuwa zamani. Ina rangi ya karatasi iliyokaa kabatini. Mama yako aliniuliza, akiniita kaka mkubwa kama kawaida yake, "Yaya, hii soya iko na homa ya manjano?" Nikamjibu kwamba mimea ina tabia zake kama wanafunzi.

Hata hivyo kuna habari njema. Juzi Injinia aling'oa mche mmoja, akaosha mizizi, na mizizi ilikuwa na vinundu vidogo kama shanga. Alipiga kelele: "Wako! Wamevumilia!" Akamkumbatia dereva wake. Alisema vinundu hivyo ndivyo nyumba za bakteria, na kwamba sampuli inakuja kwenu Tenke. Unaona basi. Huenda ulikuwa na haraka katika jambo la beseni.

Mjomba wako,
Tshiamala


Tenke, tarehe 9 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuwa na hakika kabla ya kuandika. Aruna aliniletea mihogo kutoka kwa mama. Mwambie imefika, na kwamba nimegawia majirani, asije akasema ninaila peke yangu.

Sampuli imefika. Nilifanya mambo mawili. Kwanza niliwaotesha bakteria wa vinundu kwenye sahani, kando ya wale wa pakiti ambazo hazijafunguliwa. Hawafanani hata kidogo. Walio katika mizizi ya mama si wa Kampuni. Ni wenyeji. Walikuwamo shambani kabla ya Kampuni, kabla ya bwawa, pengine kabla ya reli. Mafuriko yalipokuja, wengi walikufa, na hawa wakabaki.

Pili nilipasua vinundu kwa wembe. Mjomba, nawe fanya hivyo. Kinundu kinachofanya kazi, ndani ni chekundu, kama ini. Hivi vya mama ni vyeupe kama muhogo. Maana yake wanaishi lakini hawalishi. Ile pampu niliyokuandikia inaendeshwa kwa chakula. Shamba likichacha mno, bakteria hutumia chakula chake chote kusukuma asidi nje ili asife, na hakibaki chochote cha kuupa mmea. Hiyo ndiyo sababu ya soya kuwa njano. Kwenye hotuba yako hukusema hilo, lakini kosa si lako, kwa kuwa mimi sikulieleza.

Mkuu wangu, Bwana Gael, amekwisha kuandika ripoti. Inasema: "Bakteria wa Kampuni wameonekana hai; udongo umepona." Nikamwambia si wa Kampuni. Akaniuliza, "Walipandwa?" Nikasema walipandwa. "Wameonekana?" Nikasema wameonekana bakteria. "Basi, mama, unatafuta nini tena?" Nikamwambia kuhusu rangi ya ndani. Akasema ripoti haina nafasi ya rangi.

Sikumwambia kuhusu Javel. Hilo ni lako kulisema.

Mkataba wangu unamalizika mwezi wa Juni. Naandika tu ili ujue, siyo kwa ajili ya kitu kingine.

Mama anajua chochote?

Yolande


Mutoshi, tarehe 30 Machi 2025

Mpwa wangu,

Hatujambo. Mvua imepungua. Paka wa Beya amezaa tena.

Nilichukua wembe mpya, nikashuka shambani asubuhi watu walipokuwa misani. Nilipasua vinundu hadi kidole kikaniuma. Vyote ni vyeupe. Kisha nikapanda kilima hadi kwa jirani yetu Banza, upande wa juu, ambako asidi haikufika na pakiti hazikufika. Nikang'oa soya yake moja bila ruhusa. Vinundu vyake ni vyekundu.

Nilipokuwa bado nimechuchumaa, mama yako, akitoka misani, alinikuta. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana nikiyanyoosha yatapoteza ukali wake.

"Yaya, unafanya nini na wembe mu shamba la batu?"

Nikamweleza habari ya wekundu na weupe. Alisikiliza akiwa ameshika goti. Kisha akasema, "Sasa bale ba mu pakiti beko wapi?"

Nikaufuta wembe kwenye suruali.

"Ule siku," akasema, "mbegu ilikuwa inanuka sawa shuka za hospitali. Sisi bote tulisikia. Mukono yangu ilichubuka siku mbili. Tukaangaliana, tukasema: ni Mwalimu, anajua. Tukapanda."

Nikamwuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia.

"Tukuambie weye?" Akacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. "Nani aliisha kukuambia weye kitu? Mume wangu alikufa bila kukuambia kama alikuwa anachukia hotuba zako."

Sikulijua hilo kuhusu shemeji yangu. Tulikaa naye miaka mingi mezani.

Yolande, nimeifikiria ile hotuba ya kiumbe asiye na mdomo. Bango limekwisha kubandikwa. Jina langu limeandikwa vizuri, bila kosa.

Sijamwambia Injinia.

Tshiamala


Tenke, tarehe 20 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo, na heri ya Pasaka.

Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, nikacheka kwa sauti kuhusu marehemu baba, Bwana Gael akauliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimepata mjomba.

Mkutano wa Tume ni tarehe sita Mei, Kolwezi. Nimekatazwa kuja. Bwana Gael amesema siku hiyo kuna sampuli za dharura, na sampuli hizo bado hazijachimbwa. Nilimpa ukurasa wangu wenye matokeo ya rangi. Akausoma wote, akasema nimeandika vizuri, akaurudisha. Akaniambia, "Yolande, hata bakteria wanajua kuvumilia." Nadhani ameliona bango.

Sikiliza, Mjomba. Naweza kupiga kelele kutoka Tenke kwamba walio katika mizizi si wa Kampuni. Watasema binti anatetea shamba la mama yake. Injinia atasema wa Kampuni wamebadilika kidogo kwa kuzoea mazingira, na Tume, ambayo haijawahi kuona bakteria, itakubali. Mtu mmoja tu anaweza kueleza kwa nini wale wa pakiti hawawezi kuwamo shambani. Mtu huyo amekaa kwenye kiti chenye maandishi.

Ukienda, beba miche miwili: mmoja wa mama, mmoja wa Banza. Soya itakuwa inakauka wakati huo na vinundu vya Banza vitakuwa vinafifia, kwa hiyo chagua mche uliochelewa kuota, ulio bado kijani. Ing'oe yote miwili asubuhi hiyohiyo pamoja na udongo wake, uifunge katika gunia lenye maji. Usiioshe. Nakusihi, usiioshe kwa kitu chochote.

Sikuombi uniambie utakalofanya. Mimi pia sikwambii nitakalofanya mwezi wa Juni.

Yolande


Mutoshi, tarehe 11 Mei 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako anakusalimu. Goti limetulia tangu baridi ianze, naye anasema ni kwa sababu amelisemesha. Mimi sijambo, ila nimepungukiwa na marafiki kadhaa, hasa miongoni mwa wenye fulana.

Tulikwenda Kolwezi, mimi na mama yako. Nilibeba gunia lenye maji, likanilowesha suruali hata nikaingia ukumbini kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwenyekiti wa Tume ni Kabemba, ambaye nilimfundisha zamani. Mpaka leo akiniona huficha kucha zake chini ya meza. Waliniweka mbele, kwenye kiti changu cha Balozi. Kampuni ilikibeba kutoka Mutoshi juu ya gari, kikiwa kimefungwa kamba kuliko abiria.

Injinia Dimitri alisoma ripoti. Alisoma vizuri, ningempa alama nzuri kwa matamshi. Alipofika kwenye maneno "udongo umepona", alinigeukia na kusema, "Na sasa Balozi wetu atathibitisha."

Nikasimama. Yolande, nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote, na sikuwahi kutafuta neno. Siku hiyo nililitafuta. Kisha nikasema: "Waheshimiwa, bakteria wa Kampuni hawamo katika shamba lile. Niliwaua mimi. Niliwamiminia Javel, chupa nzima, ndani ya beseni."

Halafu mtu nyuma akacheka, na ukumbi wote ukafuata. Mtu mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sauti yake naijua, alipaza: "Mwalimu! Hata microbe ya soya ulimukagua kucha?" Kabemba alicheka mpaka akasahau kuficha mikono. Nikangoja wamalize. Si jambo la kupendeza, lakini nimegundua kwamba haliui.

Nilidhani Injinia angeona haya. Mpwa wangu, simjui mtu yule. Alisimama, akanyoosha mkono kunielekea kana kwamba ananitambulisha harusini, akasema: "Waheshimiwa, mmesikia kwa masikio yenu! Walivumilia asidi, na wakavumilia hata Javel!"

Wenye fulana wakapiga makofi. Mjumbe mmoja wa Tume akaanza kuandika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukweli peke yake hautoshi. Mtu hodari anaweza kuumeza na kushiba.

Mama yako hakuniuliza. Alilifungua gunia, akaweka miche miwili juu ya meza ya Tume, juu ya karatasi zao, na matope yake. "Tata Kabemba," akasema kwa heshima, "hii ni ya kwangu. Hii ni ya Banza, ya juu, hakuna microbe ya Kampuni kule. Chukua wembe. Pasua weye mwenyewe."

Injinia akasema hiyo si njia ya kisayansi. Kabemba akamwuliza njia ya kisayansi ni ipi, naye akasema ni ripoti. Kabemba akapasua. Alipasua cha Banza, kikawa chekundu, akakipitisha kwa wajumbe. Alipasua cha mama yako, kikawa cheupe. Akapasua kingine, na kingine, kama mtu anayetafuta pete ndani ya samaki. Halafu nikawaeleza ulivyonieleza, na safari hii nilikutaja kwa jina: kwamba waliomo ni wenyeji, kwamba wamebaki hai, na kwamba nguvu zao zote zinakwisha katika kusukuma asidi nje, hata hawana cha kumpa mtu.

Kabemba akamwuliza mama yako, "Mama, umevuna kiasi gani?"

"Tata, nimevuna majani."

Hakuna aliyecheka.

Hawakuandika kwamba udongo umepona. Naandika tena ili uisome vizuri: hawakuandika. Waliandika kwamba mwenye shamba achague mwenyewe. Anaweza kupokea kipande cha upande wa juu, ng'ambo ya kilima cha Banza, ambacho ni kizuri lakini ni mwendo mrefu kwa goti lake. Au anaweza kubaki hapa chini, Kampuni ilete chokaa kwanza ya kupunguza uchachu, kisha bakteria wapya, chini ya macho ya Tume, na ahadi ya shamba la juu isifungwe mpaka vinundu viwe vyekundu. Wamempa muda mpaka mwisho wa mwezi.

Injinia alinifuata nje. Alidhani nitaomba kubaki Balozi. Nikamwambia kofia nimeiacha juu ya kiti, na kiti kinaweza kurudi kama kilivyokuja. Akaniuliza, bila ubaya, bango wafanye nini. Nikamjibu kwamba lina kosa, waling'oe.

Sasa kuhusu wewe. Umeandika habari za Juni mara mbili, na mara zote mbili hukusema utafanya nini. Aruna ameniambia kwamba umekwisha kuuliza bei ya kusafirisha kitanda. Chumba cha mashariki kiko wazi. Nimekipaka chokaa. Sikuulizi.

Na kuhusu mama yako: hajaamua. Jana alipanda hadi kwa Banza, akakaa juu ya jiwe huku akiutazama upande ule, akarudi nyumbani. Leo asubuhi alishuka shamba la chini, akachukua udongo mkononi, akaunusa, akautupa. Watu wa Kampuni wamekuja kumwuliza, akawakaribisha bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, wakala, wakaondoka bila jibu. Mjumbe wa Tume amepiga ile simu, akaambiwa angoje. Nilikwisha kumwandalia sababu za kwenda juu na sababu za kubaki, kwa mpangilio mzuri. Nilipofungua kinywa alinitazama tu, nami nikakifunga. Kwa kweli sijui atachagua lipi, na hakuna mtu Mutoshi anayejua. Amekaa mlangoni sasa hivi anachambua mboga, na anaonekana kama mtu asiye na haraka yoyote.

Atakapoamua, nitakuandikia.

Mjomba wako,
Tshiamala